Siku Mia na Ishirini, Kuanzia Lini

3 Machi, Jumatatu

Leo nimekubali kazi kabla sijaielewa, tabia ambayo marehemu mume wangu aliisema hadi akachoka. Kamati ya maadili ya hospitali kuu inataka mwongozo: kutoa mimba kunasemwaje katika sheria ya kimataifa, na kunasemwaje katika sheria ya Kiislamu. Ukurasa wa kushoto sheria hii, wa kulia ile, kwa lugha ambayo muuguzi wa zamu ataielewa akiwa amesimama. Mimi ni mfasiri wa vyeti vya ndoa na vya vifo, mikataba ya kukodi mashine, na mara moja maelekezo ya jokofu. Nikamwambia katibu kwamba mimi si mwanasheria wala si mwanachuoni. "Ndiyo maana tumekuita," akasema. "Wao wakiandika wenyewe, hakuna anayeambulia kitu."

Nimepewa chumba nyuma ya maabara. Kina meza, taa moja na ndoo. Ndoo ni ya nini nimeelewa saa nane mchana, mvua ilipoanza.

5 Machi

Mvua. Ndoo imejaa mara mbili.

7 Machi

Nimekutana na kamati. Wenye neno ni watatu. Daktari, bingwa wa uzazi, mwembamba, mtu wa kula huku amesimama. Mwanasheria, mama wa makamo ambaye wauguzi wamembandika jina la Kifungu kwa sababu hawezi kukuomba chumvi bila kutaja kifungu. Na Sheikh, mzee aliyefundisha fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, miaka arobaini, ambaye husikia kwa sikio moja tu, na leo ni lipi anaamua mwenyewe.

10 Machi

Kifungu kaniletea mafaili hadi meza ikalia.

"Nionyeshe pale mikataba inaposema uhai unaanza lini," nikamwambia, kalamu mkononi.

"Haisemi."

"Labda nimeuliza vibaya. Ule mkubwa, wa haki za kiraia na kisiasa."

"Unasema kila mtu ana haki ya kuishi. Kuanzia lini, kimya. Kulikuwa na pendekezo waandike tangu kutunga mimba. Likapigiwa kura, likaanguka."

Akanipitisha mmoja mmoja. Tamko la haki za binadamu linasema watu wote wanazaliwa huru, na hilo neno kuzaliwa halikudondoka pale kwa bahati. Mkataba wa haki za mtoto, katika dibaji, unasema mtoto anahitaji kulindwa kabla na baada ya kuzaliwa; ukifika kwenye kifungu kinachoeleza mtoto ni nani, unataja mwisho wake, miaka kumi na minane, mwanzo hauutaji. Itifaki moja ya bara zima imetamka waziwazi hali za kuruhusu: kubakwa, kuingiliwa na ndugu maharimu, uhai na afya ya mama, mimba isiyoweza kuishi. Na wataalamu wanaosimamia mikataba siku hizi wanaziambia nchi zisimlazimishe mwanamke kubeba mimba inayomtesa.

Amekwenda, mimi nimebaki nimeshika tama. Nilidhani sheria ni watu kusema. Kumbe wajumbe wa mataifa walikaa chumba kimoja, kila mmoja na dini yake na mama yake, wakafika penye swali hili wakaona hawaliwezi, wakaacha nafasi. Nimeogopa kidogo, ile hofu ya mtu aliyeingia mahali pakubwa.

12 Machi

Sheikh kaja na mkoba wa kitambaa na vitabu vitano vilivyokula umri. Sikio la leo lilikuwa zima.

Akanieleza taratibu: tone, kisha pande la damu, kisha pande la nyama, kisha zikitimia siku mia na ishirini, roho inapuliziwa. Baada ya hapo mimba haiguswi, ila kumwokoa mama, kwa sababu mama ndiye shina. Kabla ya hapo, wanachuoni wametofautiana. Wamaliki wengi hawaruhusu hata siku za mwanzo. Wahanafi wengi wanaruhusu kukiwa na udhuru. Washafi'i wamegawanyika wao kwa wao, na wapo waliosimama kwenye siku ya arobaini.

"Karne zote hizo," nikamwambia, "bila kipimo cha picha, bila darubini. Walijuaje hata pa kuanzia kubishana?"

"Walikuwa na wakunga, binti yangu. Kadhi akikwama jambo la mimba, anawaita wakunga, na neno lao linapokelewa." Akafunga kitabu polepole. "Hawa watu walikuwa wanaogopa, unanielewa? Kila mmoja anaandika, halafu mwisho anamalizia: na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi. Si mapambo yale."

Nina miaka hamsini na mbili, nimesikia maneno hayo maisha yangu yote kama mtu anavyosikia feni.

13 Machi

Mashine ya kurudufu imemeza kurasa tisa. Fundi kasema anakuja. Hakuja.

18 Machi

Leo nimegundua jambo nikaenda kumtafuta Kifungu hadi kantini. Mkataba ule wa haki za kiraia unakataza hukumu ya kifo kutekelezwa kwa mwanamke mjamzito. Na upande wa kulia, fiqhi inasema hivyo hivyo: mwanamke akihukumiwa kufa na ana mimba, anangojwa ajifungue, na wengi wanaongeza, anyonyeshe. Vitabu hivi vimeachana zaidi ya miaka elfu, havijuani, vimekutana kwa mwanamke mmoja aliye gerezani.

Kifungu aliacha kutafuna. "Hilo liweke ukurasa wa kwanza," akasema, na hakutaja kifungu.

Sheikh naye akaniongezea: mtu akifa ameacha mke mjamzito, fungu la mirathi la huyo aliye tumboni linatengwa. Hana jina, hana sura, ana fungu lake linamngoja.

20 Machi

Wifi yangu kapita, mke wa mdogo wangu. Ana mimba, ya kwanza baada ya miaka sita ya ndoa, na kaja kuniomba ushauri wa mapazia ya chumba cha mtoto. Saa nzima ya mapazia. Mimi natoka kwenye mirathi ya ambaye hajazaliwa, naulizwa kama maua yatachosha macho. Nikamwambia maua yanachosha. Akaondoka mnyonge kidogo. Sijawahi kumpa huyu binti nafasi. Nilimwona mwepesi tangu siku ya harusi.

24 Machi

Jedwali limekamilika. Muuguzi hafanyi kazi kwa siku, anafanya kwa wiki, basi nimembadilishia: siku 120, wiki 17 na siku 1. Nimegawanya kwa saba mara mbili kuhakikisha. Daktari kasoma, katia sahihi akiwa amesimama. Sheikh katia sahihi. Kifungu katia sahihi na kunirekebishia mkato mmoja. Nimejisikia mtu wa maana.

27 Machi

Mdogo wangu kapiga simu. Yeye ni dereva wa malori ya masafa, sauti yake nimezoea kuisikia na injini nyuma. Leo hakukuwa na injini. "Dada, wamempima. Fuvu la mtoto halikufunga. Wanasema ubongo haukujengeka. Wanasema hataishi."

Sikuweza kuandika chochote kazini.

7 Aprili

Kipimo cha pili, hospitali nyingine, daktari mwingine. Jibu ni lile lile. Akifika mwisho atazaliwa amekufa, au ataishi saa chache.

Nilikwenda kwao. Wifi alikuwa anapanga vyombo ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Kasema hawezi, miezi mitano watu wamshike tumbo na kumpongeza, hawezi. Sheria ya nchi inamruhusu, madaktari wawili wameshathibitisha. Lakini anataka fatwa ya Sheikh kwanza, na kamati ndiyo njia.

9 Aprili

Mvua. Nimemwaga ndoo.

14 Aprili, Jumatatu

Kamati imekaa saa nne asubuhi. Nikasema mbele ya wote kwamba mhusika ni wifi yangu, nikainuka nitoke. Kifungu kasema nibaki niandike kumbukumbu, nisiwe na kura.

Wifi akaitwa ndani. Kifungu akaanza kwa upole ambao sikuujua kwake. "Mama, upande wangu huna shida. Sheria ya nchi iko nawe, mikataba iko nawe. Hata kesho unaweza kuingia wodini."

"Nashukuru, mama," wifi akasema. "Lakini sikuja kuuliza kama nitafungwa. Nimekuja kuuliza kama ni halali."

Nilimwangalia mtu wa mapazia kana kwamba ndiyo kwanza namwona.

Sheikh akamjibu. Akasema hatamficha, wapo wanachuoni wanaokataa hata kwa hali hii. Lakini wapo wa zama zetu walioruhusu, madaktari waaminifu wakithibitisha kwamba mtoto hawezi kuishi, na wazazi wote wawili wakiridhia, mradi siku mia na ishirini hazijatimia. Naye yuko pamoja nao. Kisha akavaa miwani, akasoma cheti cha Daktari: mimba ya wiki 17 na siku 4. Akasoma jedwali langu. Akavua miwani.

"Siku tatu, mama," akasema. "Zimepita siku tatu."

Wifi hakulia. Akasema, "Nilikuwa nangoja kipimo cha pili." Akainuka, akashukuru mmoja mmoja, na mimi pia, akatoka.

Nimeyaandika kwenye kumbukumbu neno kwa neno. Siku tatu ni kitu gani? Nimepoteza siku tatu nyingi maishani bila hata kujua zimekwenda wapi.

15 Aprili

Sikwenda kazini.

16 Aprili, Jumatano

Naandika haraka, na naandika yote.

Asubuhi nilikwenda kukaa na wifi. Nikamenya viazi. Yeye alikuwa anakunja nguo. Ghafla akaanza kucheka, kicheko kibaya kidogo.

"Unajua nini, wifi? Pamoja na yote, cheti kimenivunjia na heshima."

"Kivipi?"

"Ukihesabu nyuma hizo wiki kumi na saba na siku nne, mimba inaanza tarehe kumi na mbili Desemba. Mume wangu alikuwa safarini mwezi mzima. Karudi tarehe ishirini na sita, magharibi. Nilipika, nakumbuka na nilichopika. Sasa huyo wa tarehe kumi na mbili alikuwa nani?"

Nikacheka naye. Halafu kisu kikanisimama mkononi.

"Rudia," nikamwambia.

"Nirudie nini, wifi? Mimi natania."

"Tarehe. Rudia tarehe."

Nilifika hospitali nimelowa hadi mifupani. Daktari alikuwa anakula, amesimama.

"Wiki zenu mnaanza kuzihesabu lini?"

"Siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho," akasema. "Dunia nzima."

"Siku hiyo mimba ipo?"

"Haipo. Inaingia baada ya kama wiki mbili."

"Na bado mnazihesabu hizo wiki mbili?"

"Tunazihesabu kwa sababu siku ya hedhi mama anaikumbuka. Siku mimba ilipoingia, nani anaijua?"

"Wifi yangu anaijua," nikasema.

Akaweka sahani chini, akavuta kiti, akakaa. Wiki zote hizi sijawahi kumwona amekaa.

Tukamkuta Sheikh katika chumba cha kamati. Nilisimama mbele yake kama mtoto aliyevunja kitu. Nikamwambia: siku zenu mnazihesabu tangu mimba kuingia, wiki zao wanazihesabu tangu hedhi, na mimi nikagawanya kwa saba nikadhani nimefasiri. Cheti kinasema siku 123. Ni 109. Leo ni 111.

Alinifanya nirudie mara tatu, na si kwa sababu ya sikio. Kisha akauliza, "Amesema karudi tarehe ngapi?"

"Ishirini na sita Desemba, magharibi."

Akahesabu kwa vidole, pingili kwa pingili, midomo ikicheza. Alipofika mwisho akaweka kiganja juu ya meza.

"Nimemfungia mja mlango ambao Mwenyezi Mungu hajaufunga," akasema.

"Kosa ni langu, Sheikh."

"Jedwali ni lako. Fatwa ni yangu. Alikuwa amekaa pale, hatua mbili kutoka kwangu, na sikumuuliza." Akageuka kwa Daktari. "Wewe ulimuuliza?"

Daktari akatikisa kichwa. Kifungu, aliyekuwa ameingia nyuma yetu, alitazama sakafu. Tulikuwa na mikataba ya dunia na vitabu vya karne kumi na tatu, na tarehe alikuwa nayo mwanamke tuliyemwacha ashukuru aende zake.

Sheikh akaomba karatasi, akaandika mwenyewe, hati yake ile ya kizamani: nimekosea katika kuhesabu, na ninarejea kauli yangu.

17 Aprili

Sheikh alikataa tumpigie wifi simu aje. Kosa linapelekwa kwa miguu, alisema. Mzee wa miaka sabini na tano kavuka barabara iliyojaa maji, viatu mkononi, mimi nimemshikia mwavuli usiosaidia kitu.

Wifi na mdogo wangu walikuwa sebuleni. Sheikh hakukubali kuketi kabla ya kusema. "Nimekuja kukuomba radhi, mama. Nilikwambia zimepita siku tatu. Hazijapita. Mpaka Ijumaa ya tarehe ishirini na tano ndipo zinatimia."

Wifi alimtazama mumewe, kisha mimi. Nikamwambia ni jedwali langu. Nilitaka aninyooshee kidole. Akasema tu, "Kwa hiyo ile tarehe ya kicheko."

"Ile ile."

Akamgeukia Sheikh. "Nikifanya kabla ya siku hiyo, atasaliwa?"

"Hasaliwi, wala haoshwi. Anafungwa kitambaa kisafi, anazikwa kwa heshima."

"Na jina?"

"Jina hapewi."

"Na nikimbakiza, siku zikatimia, akaja akafa?"

"Huyo anaoshwa, anakafiniwa, anasaliwa, anapewa jina."

Hapo ndipo nilipoelewa anachouliza. Mlango umefunguliwa, na una gharama yake, na yeye ndiye aliyeiona kabla yetu sote.

"Sikulazimishi huku wala kule," Sheikh akasema. "Ukimbeba, una thawabu ya subira. Ukiitumia ruhusa, umetumia ruhusa. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi."

18 Aprili

Hakuna neno kutoka kwao.

19 Aprili

Hakuna. Mvua imepungua, mimi ndiye nimezidi. Nimeshika simu kutwa.

20 Aprili

Mdogo wangu kapita kwangu asubuhi. Kampuni imempa safari, kaikataa. Nikamuuliza yeye anataka nini. "Mimi nilimwambia nitaridhia analoamua yeye," akasema. "Halafu nikaona nimemtupia mzigo wote, nikarudi nikamwambia ninaloona. Nikamwambia naona tumwache aende." Alilia kwenye meza yangu, mtu mzima, mabega yale ya kuendeshea lori. Nikamshika kichwa kama alipokuwa na miaka mitano.

21 Aprili

Wifi kapiga mwenyewe. "Kesho saa mbili. Njoo, wifi, nataka uwepo."

22 Aprili, Jumanne

Siku ya mia na kumi na saba.

Kifungu alikuwepo mlangoni tangu saa moja, faili kwapani, asije mtu yeyote akaleta maswali. Daktari alipoingia chumbani alivuta kiti, akaketi karibu na kitanda, akamuuliza wifi kama ana la kusema au kuuliza kabla hawajaanza. Wifi akasema analo moja: asiambiwe ni wa kike au wa kiume. Daktari akasema sawa.

Nilimshika mkono kwa muda wa saa sita. Mengine ni yake, siyaandiki.

23 Aprili

Kitambaa cheupe, kidogo mno. Mdogo wangu alimbeba kwa viganja viwili. Sheikh hakusali, kwa sababu hakuna sala. Lakini alikuja, akasimama hadi udongo ulipokwisha, na alipoondoka aliondoka wa mwisho.

24 Aprili

Nimefuta jedwali. Mahali pake kuna maelezo mafupi: wiki za hospitali zinatangulia siku za fiqhi kwa takribani wiki mbili, na tofauti hiyo isikadiriwe na mtu aliye mezani. Juu yake nimeweka swali la kwanza la fomu, kabla ya swali la mikataba na kabla ya swali la madhehebu: *Mama, wewe mwenyewe unahesabu kuanzia lini?*

Kifungu, Daktari na Sheikh wametia sahihi. Safari hii wamesoma.

25 Aprili, Ijumaa

Leo zingetimia mia na ishirini.

Nilikwenda kwa wifi mchana, nikamkuta ukumbini, ameketi chini, mgongo ukutani. Nikaketi naye. Magoti yalilalamika, nikayaacha yalalamike. 

"Leo ndiyo angepuliziwa," akasema.

"Ndiyo."

"Nilikuwa naingoja hii siku, wifi. Nilijiambia, nikifika hapa nitajua kama nimekosea."

Sikuthubutu kumuuliza. Niliangalia mikono yake, imetulia mapajani, kucha zimekatwa fupi. Nilikumbuka wajumbe wa mataifa wakikwama kwenye sentensi moja, na wanachuoni wakitetemeka mwisho wa kila ukurasa, na nikaona kwamba wote wale walikuwa wanaandika kuhusu mtu huyu, aliyekaa hapa kwenye sakafu, na hakuna aliyewahi kumfikia.

Machozi yalikuwa yanamshuka, hayafuti.

"Nalia," akasema, "lakini sijuti. Usiandike kwamba ni kitu kimoja."

Nimeandika kama alivyosema.